Ndege Alishuka Bondeni

Mwenyekiti wenu alikuja kwangu wiki iliyopita akaniomba niwaandikie nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kutembeza wageni msituni kuangalia ndege. Alisema niandike mambo ya zamani, na yawe ya kuchekesha kidogo. Nimekaa na kalamu siku nne. Ya kuchekesha yapo, nitawapa. Lakini jambo lililonifunza kazi hii halikunichekesha siku lilipotokea, wala halinichekeshi leo. Kuna mama mmoja nusura afe kwa sababu ya sarufi yangu. Sitanii. Kaeni vizuri niwaeleze.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Nyeri mjini. Babu alikuja na misafara kutoka Tabora, akaoa hapa, akazikwa hapa, na nyumbani kwetu ilizungumzwa Kiswahili tu, tena Kiswahili chenye adabu. Nilifundisha darasa la nne miaka miwili bila cheti, nikatolewa walipokuja walimu wenye vyeti, nikaenda kuomba kazi kwenye kambi moja ya wageni nje ya Naro Moru. Hiyo ni miaka ya sabini. Mwenye kambi alitaka mtu anayejua Kiingereza na anayeweza kusoma kitabu cha ndege. Nilikisoma chote kwa juma moja. Niliwajua ndege kwa majina yao, rangi zao na kurasa zao. Msituni sikuwa namwona hata mmoja.

Siku ya kwanza niliingia msituni na shati jeupe. Mpagazi aliyepewa kazi ya kunisindikiza, mtu mzima anayenizidi miaka kumi au zaidi, aliniangalia, akavua koti lake kuukuu lenye harufu ya moshi, akanipa nivae. Huyo ndiye Gathogo. Alikuwa amebeba mizigo ya wapanda mlima mpaka magoti yakakataa, ndipo akashushwa kwenye matembezi ya msituni, kubeba chupa ya chai na mkebe wa mandazi. Kwenye karatasi mimi nilikuwa kiongozi na yeye mbeba chai. Msituni ilikuwa kinyume.

Alinifundisha kusikiliza nikiwa nimeachama kidogo, maana ukifunga kinywa unasikia pumzi zako mwenyewe. Jaribuni kesho. Alinifundisha kuonyesha ndege kwa kidevu, si kwa kidole, kwa sababu mkono ukinyanyuka juu ya bega kila kitu chenye mabawa kinaondoka. Alinionyesha kwamba ukiona mianzi imelala upande mmoja na kinyesi bado kinatoa mvuke, husimami kumweleza mgeni habari za nyati, unarudi ulikotoka, kinyumenyume, ukiwa na tabasamu. Na alinipa sheria moja iliyo kubwa kuliko zote: kiongozi husimama upande wa shimo. Mgeni anayeangalia ndege hana miguu, alisema Gathogo, ana macho tu. Miguu yake ni wewe.

Siku hizi naona mna simu zinazolia kama ndege. Mnabonyeza, shorobo anakuja mbio akidhani ni mwenzake, mgeni anapiga picha, mnaondoka. Mimi nawaonea haya hao shorobo. Sisi tulisubiri. Tulikuwa tunaketi kwenye gogo moja saa nzima, majani ya thabai yanatuwasha miguu, na ndege akija tunajua amekuja kwa hiari yake. Basi, nimeshasema, sirudii.

Sasa mimi nilimlipa nini Gathogo kwa elimu yote hiyo? Nilimsahihisha Kiswahili. Ualimu ulikuwa umenitoka mfukoni lakini haukunitoka kichwani. Akisema nyoni ile iko juu ya hiyo mti, mimi hapo hapo, mbele ya wageni, namwambia ndege yule yuko juu ya ule mti, na namngoja arudie. Aliniita Mwalimu, nikadhani ni heshima tupu. Nilimtungia hata kanuni. Ndege mwenye roho ana "a": ndege ameruka, ndege amelala. Ndege ya chuma ina "i": ndege imeruka, ndege imelala. Herufi moja tu, nilimwambia, na mtu yeyote mwenye akili ataelewa ni ipi.

Gathogo aliniambia kwa upole kwamba kwao ndege ni ile ya kupanda. Hii ya manyoya ni nyoni, na mtoto wa miaka miwili hawezi kuzichanganya. Nikamjibu kwamba hapa kazini hatuko kwao. Nikiwa nimevaa koti lake, jamani.

Basi akaja Sista Hilda. Alikuwa muuguzi mstaafu, Mjerumani, mwenye miaka sitini na kitu, mwembamba na mgumu kama fito. Alikuwa amezalisha akina mama kwenye hospitali ya misheni upande wa Gakindu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kiswahili chake chote alikipata wodi ya wazazi. Akitaka tupunguze mwendo anasema, "Pole pole, usisukume bado." Tukimwonyesha ndege mzuri anasema, "Vizuri sana, mama, vizuri sana," hata kama anaongea na Gathogo mwenye ndevu. Tulimpenda sana.

Alikuwa amebakisha ndege mmoja tu wa mlima huu ambaye hajamwona. Ni kwarara, lakini si yule wa mashambani anayewapigia kelele asubuhi. Ni kwarara wa msituni, mgongo wake unang'aa kijani, mwoga, anayekula kwenye tope chini ya miti na kuondoka kabla hujashika darubini. Alimtafuta misimu mitatu. Kurudi kwao kulikuwa kumekaribia, na hakutegemea kuja tena.

Asubuhi ile tuliingia msituni watatu, yeye, mimi na Gathogo. Kulikuwa na baridi na ukungu mwepesi, na udongo ulikuwa umelowa mvua ya jana yake. Saa tatu hivi tulikuwa kwenye kijia kinachopita juu ya korongo, chini ya mianzi inapoanzia. Upande wa kulia mwinuko, upande wa kushoto ukingo wa udongo mwekundu unaoteremka wima mpaka kijito. Gathogo alikuwa nyuma yangu. Sista alikuwa katikati ya kijia na mimi nilikuwa upande wa shimo, mahali pangu, kama sheria inavyosema.

Gathogo akaninong'oneza, "Mwalimu. Nyoni ile pale. Iko chini kwa maji."

Na mimi nikageuka. Sikugeuka kumtazama kwarara. Niliacha ukingo nikamwendea Gathogo, nikainua kidole, nikamwambia taratibu kama niko mbele ya ubao: ndege yule pale, yuko chini. Nikangoja arudie.

Hapo nilipokuwa nangoja, Sista Hilda alikuwa ameshasikia neno nyoni, maana wanawake wa Gakindu walimfundisha mengi kuliko mimi. Aliinua darubini, akapiga hatua moja kushoto, mahali nilipopaswa kuwa nimesimama. Kwarara akaruka, akashuka bondeni. Sista akashuka nyuma yake.

Sikusikia ukelele. Nilisikia mawe, kisha maji.

Aliteleza kama mita sita. Tulimkuta kwenye kibaraza cha mawe kando ya kijito, mguu mmoja umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjiki. Mfupa wa muundi ulikuwa umetokeza na damu ilikuwa ikitoka kwa wingi. Mimi nikaanza kuhema, nikipapasa mifuko yangu bila kujua natafuta nini. Yeye, akiwa amelala chali na uso mweupe, alinitazama akasema, "Pumua, baba. Pumua. Sasa toa mkanda wako."

Alinielekeza kila kitu. Mkanda hapa, juu ya goti, kaza na kijiti. Usivue kiatu. Vunja mianzi miwili, funga huku na huku. Usirudishe mfupa ndani, si kazi yako. Gathogo alivunja mianzi kwa goti bovu, mimi nikafunga kwa vitambaa vya shati. Tulijaribu mara moja kumnyanyua ili tumpandishe ukingoni. Udongo ulitukatalia, tukateleza sote watatu, naye akazimia. Alipozinduka alisema tusirudie tena, twende tukaite watu wenye kamba.

Getini ni mwendo wa karibu saa mbili kwa mtu anayeharakisha. Mmoja aende, mmoja abaki. Nilikuwa na miguu mizuri kuliko Gathogo, lakini niliogopa. Niliogopa kupotea peke yangu, huo ndio ukweli. Kwa hiyo nikasema aende yeye, na mimi nitaandika barua.

Nilichana karatasi kwenye daftari la ndege, nikaandika kwa penseli. Barua hiyo naikumbuka yote, kwa sababu baadaye nilisomewa mara nyingi kuliko Fatiha:

"Ndege alishuka ghafla bondeni chini ya mianzi. Mgeni ameanguka. Mguu umevunjika, damu nyingi. Leteni kamba, machela na daktari haraka."

Someni tena sentensi ya kwanza. Kwa nini niliandika habari za ndege wakati mtu anavuja damu? Niliandika ili isomeke kwamba kosa ni la ndege. Nilikuwa najitetea kabla sijashtakiwa. Sikuandika ni njia ipi, sikuandika tuko wangapi, sikuandika umbali. Niliandika kisingizio, tena kwa sarufi safi. Nikaona nimeandika "alishuka", yenye "a", na ndani ya hofu yote ile nikaridhika.

Kisha nikafanya baya zaidi. Gathogo aliuliza akifika aseme nini. Nikamwambia asiseme kitu, ampe Koplo wa askari wa getini karatasi. Nikaongeza, na maneno haya ningeyanunua nikayameza kama yangekuwa yanauzwa, "Wewe ukianza kuongea utachanganya mambo. Usiongeze neno lako hata moja."

Aliniangalia kidogo. Akaweka karatasi kifuani akapanda ukingo kwa mikono na magoti.

Yaliyotokea getini niliyajua siku zilizofuata, kwa Gathogo, kwa Koplo mwenyewe na kwa dereva mmoja wa magari yaliyotumwa, na wote watatu waliyaeleza sawasawa. Getini alikuwapo Koplo Murithi, mtu wa Timau, mchapakazi, asiye na neno na mtu. Gathogo alifika saa tano na nusu, hana pumzi, akatoa karatasi. Koplo akasoma mstari wa kwanza. Mtu wa Timau, kama mtu wa Naro Moru, akisikia ndege anaona kitu cha chuma chenye rubani. "A" yangu na "i" yangu hazikuwa na kazi kwake. Alimwuliza Gathogo:

"Hiyo ndege umeiona na macho yako?"

"Nimeiona."

"Ni kubwa?"

"Hapana. Ni kadogo tu."

"Rangi gani?"

"Kijani. Mgongo ndio kijani sana."

Msimcheke Gathogo. Miaka mitatu alitusikia mimi na wageni tukiulizana maswali hayo hayo kila siku: mkubwa au mdogo, rangi gani, mgongo au tumbo. Alidhani Koplo naye siku hizi anapenda ndege, tena anaiita nyoni kwa neno langu la kazini. Alijibu alichoulizwa, hakuongeza neno. Koplo akasadiki kwamba ndege ndogo ya kijani, na kwa hiyo ya jeshi, imeanguka mlimani ikiwa na mgeni ndani. Akashika redio.

Kutoka hapo habari ikaota miguu. Alimwambia Gathogo akae jikoni anywe chai, watu wanakuja. Gathogo akakaa. Aliona kamba zikitolewa stoo, machela ikipanguswa vumbi, akafurahi kwamba barua ya Mwalimu inafanya kazi. Kumbe watu walikuwa wakikusanywa kutoka huku na huku, daktari akingojwa kutoka Nyeri, na mkubwa mmoja akipiga simu kambi ya ndege za jeshi Nanyuki kuuliza ni ndege ipi haijarudi. Nanyuki wakajibu kwamba zao zote zipo. Badala ya jibu hilo kuwazindua, liliwatia hofu zaidi: ikiwa hata wenyewe hawaijui, basi hii ni ndege ya nani?

Turudi bondeni.

Saa sita mvua ilianza. Nilimfunika Sista kwa koti la Gathogo, ambalo alikuwa ameniachia tena bila kuombwa, na nikaketi upande wa maji ili yasimpige sana. Kijito kilikuwa kimepanda kidole kimoja, kisha viwili. Niliweka jiwe jeupe kama alama, jiwe likamezwa, nikaweka lingine juu zaidi. Kila baada ya muda alinikumbusha kulegeza mkanda, kuhesabu mpaka thelathini, kukaza tena. Nilikuwa nalegeza, damu inatoka, nakaza. Alikuwa akitetemeka sana, meno yakigongana. Aliniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayesoma cheti cha mgonjwa mwingine, kwamba kutetemeka si kubaya. Nikiona ameacha kutetemeka na amesema anasikia joto, hapo ndipo niogope.

Nilimwahidi watafika saa nane. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu.

Saa nane tulisikia mngurumo juu ya ukungu. Ndege ndogo, injini moja. Ilipita, ikageuka, ikapita tena. Sista alifungua macho.

"Ndege gani?" aliuliza.

"Ya chuma," nikamwambia.

Akafunga macho. Ile ndege ilizunguka mara nne au tano, kwenda juu kwenye nyika isiyo na miti na kurudi, na mimi nikaikasirikia. Nikajiuliza ni tajiri gani huyo anayetembea angani kwa starehe siku ya mvua namna hii huku mimi nimekaa na mtu anayekufa. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba imetumwa na barua yangu. Rubani alikuwa akitafuta mabaki.

Saa tisa ilipita. Saa kumi alama yangu ya tatu ilimezwa na maji yakaanza kulamba kisigino chake. Nilimsogeza nusu hatua, hapakuwa na pengine pa kumsogeza. Muda mfupi baadaye niliona meno yake yametulia. Nikamwuliza hali. Akasema, vizuri sana, mama, sasa kuna joto kidogo.

Nililia. Nawaambia wazi ili msije mkadhani kazi hii ni ya watu wasiolia. Nilimkumbatia kifuani kama mtoto, nikaanza kumsemesha chochote. Na kwa sababu sikuwa na jingine la kusema nilimwambia ukweli. Nilimwambia niliondoka upande wa shimo. Nilimwambia niligeuka kumsahihisha Gathogo "iko" na "yuko", na yeye akaanguka nikiwa nimeinua kidole. Sikujua kama ananisikia.

Ndipo akasema, polepole sana, "Mimi nilielewa nyoni."

Getini, wakati huo huo, magari mawili yalikuwa yakiondoka. Gathogo alisimama mlangoni mwa jikoni kuyaangalia yaende. Alitegemea yataingia njia ya msituni, ile ya kushoto, na watamwita aongoze. Hawakumwita. Yalipita njia panda, yakashika barabara ya juu, ya kwenda nyikani, ambako ndege ya chuma ikianguka huonekana. Huko hadi bondeni kwetu ni saa nne kwa mguu.

Dereva wa gari la pili aliniambia aliona mzee anakimbia kwenye kioo cha pembeni, goti moja halikunjiki, akipunga mikono. Akapunguza mwendo, akapiga honi hata gari la mbele likasita. Gathogo akapita gari, akaenda kusimama mbele ya lile la kwanza, katikati ya barabara, akaweka mikono miwili juu ya boneti. Koplo akatoa kichwa dirishani akamwambia atoke njiani, kuna ndege imeanguka.

"Hakuna ndege imeanguka," Gathogo akasema. "Ni mama ameanguka. Alikuwa anafuata nyoni. Kanyoni, Koplo. Ya manyoya. Mama ako kwa shimo tangu asubuhi."

Dereva anasema Koplo aliitoa ile karatasi akausoma tena mstari wa kwanza. Kisha Koplo, kama mtu anayetafuta pa kushika, akauliza, "Na sasa hiyo ndege iko wapi?"

"Iliruka ikaenda."

Waligeuza magari. Gathogo aliwaongoza kwa njia ya mkato niliyokuwa siijui, na kabla ya saa kumi na mbili nilisikia sauti yake juu ya ukingo ikiniita kwa jina langu, Salim, si Mwalimu. Kamba ikashuka. Daktari akashuka nayo. Tulimtoa Sista msituni giza likiingia, na daktari alisema kama tungechelewa tena kama saa moja, angekuwa na kazi ya kuandika cheti cha kifo tu. Aliishi. Mguu uliokolewa ingawa ulibaki mfupi kuliko mwenzake.

Siku ya tatu tuliitwa ofisini kwa mkubwa wa hifadhi, mimi, Gathogo na Koplo. Mkubwa alikuwa na barua yangu mezani. Aliisoma kwa sauti, akaigeuza, akaisoma tena. Yeye alikuwa mtu wa shule, akaiona ile "a". Akasema barua haina kosa, imeandikwa kwa Kiswahili sanifu kabisa. Basi aliyepotosha habari ni mpagazi, kwa majibu yake ya ndogo na kijani. Alisema jina la Gathogo litafutwa kwenye orodha ya wapagazi. Akaniangalia kama mwenzake wa darasani, akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nawaambia ukweli: nilikaa kimya. Haikuwa muda mrefu, labda pumzi mbili tatu, lakini nilikaa kimya, nikihesabu namna mambo yangekwisha vizuri kwangu.

Gathogo ndiye aliyesema. Hakumtazama mkubwa, alinitazama mimi.

"Niliulizwa kama ni kubwa, nikasema ni kadogo. Niliulizwa rangi, nikasema rangi. Huyu aliniambia nisiongeze neno yangu hata moja, na mimi sikuongeza. Mpaka nikaona mama atakufa."

Alisema "neno yangu". Miaka mitatu ningemkatiza hapo. Safari hii nilisikia alichosema.

Ndipo nikasimama, nikasema yote. Upande wa shimo, kidole, kisingizio cha mstari wa kwanza, amri ya kunyamaza. Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua beji yangu akaiweka kwenye droo, akasema nisionekane msituni msimu mzima. Jina la Gathogo likabaki. Msimu huo wageni waliongozwa na yeye. Hakujua jina hata moja la kitabuni, na wageni walirudi wakisema hawajawahi kuona ndege wengi namna ile.

Kwa hiyo nyinyi mliosoma, wenye vyeti na wenye simu zinazolia, mtu akianguka andikeni kwanza mahali, kisha idadi, kisha jeraha. Sababu zenu mtazieleza mkifika nyumbani. Na mjumbe mpeni ruhusa ya kusema kwa lugha ya mdomo wake. Ulimi hauna mfupa, ndiyo, lakini usiufunge ulimi wa mtu anayejua njia.

Siku ya Jumapili baada ya kile kikao nilipanda gari mpaka Naro Moru, nikatembea hadi nyumbani kwa Gathogo. Nilikuta ametoka kanisani, ameketi nje na mke wake wakichambua maharagwe. Njia nzima nilikuwa nimejipangia kuomba msamaha kwa Kikikuyu. Nimezaliwa Nyeri, nimekulia Nyeri, na Kikikuyu changu kilikuwa cha kununulia viazi sokoni. Nilisimama mbele yao nikaanza. Kila neno lilitoka na kichwa cha lingine. Nilimwita mke wake kwa neno la mtoto, nikasema nimeiba nilipotaka kusema nimekosa, nikakwama katikati, nikarudi mwanzo. Mke wake aliinamisha uso kwenye ungo. Gathogo alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakunisahihisha hata neno moja, kisha akasogea kwenye benchi ili nipate pa kukaa.